Bi Mkubwa Mkononi, Bi Mdogo Disemba

Gazeti la wiki jana najua limeshafungiwa viazi vya karai, kwa hivyo aliyekosa kusoma simlaumu. Nitamkumbusha kwa ufupi, maana leo mambo ni mengi na pumzi ni chache.

Mimi ni Taib, karani wa kampuni ya kutoa mizigo pale Kilindini, mtu mzima mwenye masharubu. Mchumba wangu ni Lamis, binti wa Bi Mwanakuu wa Kibokoni. Nikahi ni Ijumaa hii. Mtakumbuka wazee wangu wa posa walivyogonga mlango wa jirani wakakaribia kuniposea ajuza mwenye vitukuu. Hilo tulilivuka, nikadhani mikosi imekwisha. Kumbe ilikuwa imekaa chini kupumzika.

Lamis alikuwa kwenye harusi ya binamu yake, mgeni mmoja aliyetoka Maskati akamshikisha gemu ya mkono. Ni kile kidude cha kiganjani: matofali yanashuka, wewe unayapanga, mstari ukijaa unafutika. Siku hiyo Lamis hakula pilau wala hakusikiliza taarabu. Na lilipokuja suala la begi la bi harusi, lile la zawadi za mwanamume, akaniletea salamu kwamba viatu anavyo, manukato anayo, anachotaka ni gemu. Tena mamake asijue. Bi Mwanakuu akijua bintiye anataka kitu cha kuchezea, atasema mtoto hajakua, na harusi itangoja akue.

Ndipo tukatunga lugha yetu ya simu. Gemu iliyoko madukani tukaiita bi mkubwa. Ile mpya yenye rangi iliyosemwa inakuja tukaiita bi mdogo. Majina aliyatunga Lamis mwenyewe, akacheka mpaka simu ikamponyoka. Nami nikacheka. Laiti ningejua, ningelia mapema nikapunguza.

Wiki jana niliwaacha Ndia Kuu, dukani kwa Ami Muhdhar, anayeuza tochi, kanda za kaseti na saa za ukutani ambazo hakuna hata mbili zinazokubaliana. Mkono wangu ulikuwa juu ya boksi la gemu, na Ami Muhdhar alikuwa ametamka maneno yaliyonigandisha.

"Hii hawaitengenezi tena, mwanangu."

"Hawaitengenezi?"

"Kiwanda kimeiacha. Hiyo uliyoishika ndiyo ya mwisho, na zunguka Mombasa nzima huipati. Disemba yaja nyengine, nyembamba, ina rangi, na betri ni mbili tu badala ya nne. Mwanangu alioko Dubai kanambia kwa simu."

"Sasa ninunue hii, au ningoje ile?"

"Usiache mbachao kwa msala upitao," akasema Ami Muhdhar, na vidole vyake tayari vinatafuta mfuko wa kutilia.

"Subira huvuta heri," akadakia Kingi.

Kingi ni mwenzangu ofisini, mtu wa Kaloleni, hanunui hata nyanya mpaka jioni bei ishuke. Alikuwa amenisindikiza saa ya chakula, akaegemea kabati la vioo kama shahidi wa mahakamani.

"Ami," akasema, "hiyo mpya ikija, utaiuza wewe?"

"Nitaiuza mimi, inshallah."

"Na Disemba methali yako itakuwa ipi?"

Ami Muhdhar akafikiri kidogo. "Kipya kinyemi, ingawa kidonda."

Tukacheka wote watatu. Huko ndiko kulikokuwa kucheka kwangu kwa mwisho siku ile bila khofu.

"Mwenye begi ni yeye," Kingi akaniambia. "Mpigie umuulize."

Simu ilikuwa pale pale mezani. Nikazungusha namba za Kibokoni. Ikalia mara mbili, ikainuliwa.

"Hm," ikasema sauti.

Sasa jueni kwamba "hm" ndiyo salamu ya Lamis mamake akiwa karibu. Kwa hivyo sikupoteza wakati kusalimia.

"Nisikilize tu, usiseme kitu," nikanong'ona. "Bi mkubwa ninaye hapa. Nimemshika mkononi."

"Hm?"

"Lakini ana ila zake. Wa namna yake hawatoki tena, huyu ndiye wa mwisho. Amekaa kabatini siku nyingi, watu wapita wamwangalia, hapana anayemchukua."

"Hm."

"Na yuwala, Mola wangu! Nne kwa mpigo, na kesho wataka umpe nne nyengine. Rangi hana. Uso wake wote kijani-kijani. Na gizani haonekani kabisa, mpaka amulikwe."

Hapo hata "hm" sikuisikia. Nikadhani amevutiwa na maelezo, nikaongeza mbio.

"Sasa bi mdogo yuwaja Disemba, atoka Dubai. Mwembamba. Mbili tu zamtosha. Na rangi, wacha! Basi nakuuliza wewe, maana mwenye shughuli ni wewe: nimchukue bi mkubwa tufanye Ijumaa, au tungoje bi mdogo?"

Papo hapo saa za Ami Muhdhar zikaanza kulia. Moja ikagonga nane, nyingine ikagonga tatu, na ile ya kindege ikatoa kichwa ikalia mara moja ikajuta.

Zilipotulia, sauti ikasema, "Umemaliza?"

Ilikuwa sauti ya Lamis. Ila ilikuwa nzito kidogo, na ilikuwa na umri.

"Wa aleikumu salaam," ikaendelea. "Kwanza hukunisalimia. Pili, uje kwangu baada ya laasiri, wewe na mamako."

Simu ikakatwa.

"Amesemaje?" akauliza Kingi.

"Amesema wa aleikumu salaam."

"Basi vizuri."

"Kingi. Alikuwa mamake."

Kingi akaitazama simu, akautazama mlango, akakumbuka ana kazi Kilindini. Tangu nimjue, hiyo ndiyo mara ya kwanza kukumbuka kazi kabla ya bosi. Nami nikatoka mbio, boksi nikaliacha juu ya meza bila hata kumwambia Ami Muhdhar aniwekee. Hilo la boksi lishikeni, litarudi.

Nyumbani nilimkuta mamangu ameshavaa. Bangili zote mkononi, leso mpya, uso wa mtu anayekwenda kesini. Alikuwa ameshapigiwa simu.

"Ni wa nani huyo wa Dubai?" akauliza.

"Mama, hapana mtu wa Dubai."

"Ana rangi, nasikia."

"Mama!"

"Sikugombezi, nauliza tu. Ni rangi ya kizazi au ya kupaka?"

"Hukukasirika?"

"Nimekasirika sana. Umenitia aibu mji mzima." Akarekebisha leso. "Lakini yuwala mbili tu, Taib, na mchele ulivyopanda."

Nilitaka kumwambia papo hapo kwamba ni gemu. Lakini mamangu na siri hawajawahi kulala nyumba moja, na mimi nilimwapia Lamis. Nikajitia mdomo gundi, tukaondoka.

Sebuleni kwa Bi Mwanakuu tulikaribishwa kwa adabu zote, na adabu zote za mtu aliyekasirika zinatisha kuliko matusi. Nikambusu mkono. Akauacha ubusiwe, akaurudisha mapajani. Kutoka jikoni nilisikia vikombe vikigongana, nikajua Lamis yuko huko anatayarisha chai, hana habari ya dunia.

"Kwanza," akasema Bi Mwanakuu, "nani alokwambia mwanangu yuwala sahani nne?"

Hakungoja nijibu.

"Ilikuwa siku moja tu, tena Idi! Pili. Uso wa mwanangu ni kijani?"

"La, mamangu."

"Ulisema kijani-kijani. Masikio yangu mazima. Tatu, gizani haonekani." Akajipepea. "Hili hata kulijadili sitaki."

"Hapo amekosa adabu," akasema mamangu. Bangili zikamuunga mkono.

"Na nne." Bi Mwanakuu akavuta pumzi. "Mwanangu amekaa kabatini? Watu wapita wamwangalia, hapana anayemchukua?"

Akajifuta macho kwa ncha ya leso. Hapo kicheko kilichokuwa kikinitekenya tumboni kilikufa, nikaona haya ya kweli. Walikuwapo watu waliopita mlango ule wakauliza habari za Lamis, wakanywa chai, wasirudi. Mimi sikulijua hilo nilipokuwa nikiropokwa kwenye simu, lakini mamake alikuwa akilijua kila siku. Nilitamani nichukue yale maneno yote niyameze moja moja, yale ya kijani nianze nayo.

"Watu husema usiache mbachao kwa msala upitao," akaendelea, machozi ameyarudisha yalikotoka. "Wewe hata mbachao hujaukalia, msala washautafuta! Mke mmoja hujaoa, wapanga wawili!"

"Mamangu, nipe nafasi niku..."

"Maelezo sitaki. Umesema mengi kwenye simu. Nataka neno moja, mbele ya mamako na mbele ya Mungu. Bi mkubwa, au bi mdogo?"

Jikoni vikombe vikanyamaza. Chini ya pazia la mlango wa ndani vikachungulia vidole vya mguu vyenye hina. Nami nikafungua kinywa niseme "bi mkubwa," neno moja tu la kuniokoa, nikatubu, nikasamehewa, nikaoa Ijumaa.

"Bi mdogo!" ikasema sauti nyuma ya pazia. "Bi mdogo, ma! Tumngoje bi mdogo, ana rangi!"

Bangili za mamangu zikasimama.

Bi Mwanakuu akageuka taratibu. "Lamis. Wataka uletewe mke mwenza?"

Ikatoka sauti ndogo sana: "Mke nani?"

Halafu kikaanza kicheko. Mwanzo alikizuia kwa leso, tukasikia mkwaruzo tu. Kisha leso ikashindwa. Lamis alicheka mpaka akashuka na ukuta, pazia likitikisika, na kila akijaribu kusema "ma" alirudi mwanzo. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka. Nilicheka na jasho lanitoka.

Bi Mwanakuu hakucheka. Alinitazama mimi, akalitazama pazia. Mwanamke yule si mjinga hata kidogo, na pale niliona ameshika ncha ya uzi. Akainuka, akavaa buibui lake.

"Nisubirini. Asitoke mtu."

"Waenda wapi, mamangu?"

"Kwenye zile saa zisizojua saa."

Mlango ukafungwa.

"Ameenda kwa kadhi," akasema mamangu, akafumba macho kama aliyesinzia, ili sisi tuzungumze na yeye asikose neno.

Nikasogeza kiti karibu na pazia. "Lamis, umeniua."

"Nilijua mwasema gemu, na ma ameshakubali!"

"Mimi nilikuwa nikisema gemu. Mamako ndiye alokuwa akisema mke."

Akaanza tena kucheka, kisha akakata ghafla. "Ami Muhdhar atamwambia kila kitu. Atasema sijakua."

"Tutamkabili pamoja. Lakini hebu niambie. Bi mkubwa humtaki kabisa?"

"Yaumiza mato ukiikodolea, Taib. Na kama yaja yenye rangi, haraka ya nini?"

"Haraka ni Ijumaa."

"Sisemi Ijumaa. Nasema gemu."

"Gemu ikiwa ya Disemba, begi ni la Disemba. Na begi likiwa la Disemba..."

Vidole vyenye hina vikakunjuka, vikakunjana. Kisha akauliza polepole, "Wewe wajua kungoja?"

Swali lile sikulipenda. Lilikuja kwa sauti nzuri mno.

"Nawe wangoja nini, Lamis? Waningoja mimi, au wamngoja bi mdogo?"

Akacheka. Kilikuwa kicheko kitamu, lakini kilikuwa kicheko tu, na jibu ndani yake sikuliona.

"Mjibu mwenzio," akasema mamangu, macho yamefumbwa.

Lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Bi Mwanakuu akaingia, akavua buibui, akaweka mfuko juu ya meza. Ndani ya mfuko mkatoka boksi. Lile lile.

"Bi mkubwa ndiye huyu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Muhdhar kanambia yote. Kisha kanambia nisiache mbachao kwa msala upitao. Nikamwambia anipe huo mbachao."

Nikangoja radi. Nyuma ya pazia Lamis naye alikuwa akiingoja, maana hata pumzi sikuisikia. Bi Mwanakuu akaligeuza lile dude juu chini, akalinusa.

"Na hiki hufanyaje?"

"Matofali yashuka, ma," ikasema sauti ya woga. "Wayapanga. Pasibaki pengo."

"Hiyo ndiyo kazi yake?" Bi Mwanakuu akakaa vizuri. "Mimi ndiye nafunga mabegi ya maharusi Kibokoni nzima. Viatu, chupa, mikufu, madoti ya leso, na zipu hufunga. Pengo nalijua mimi!"

Akawasha. Kile kimuziki kikajaa nyumba.

Mara ya kwanza matofali yalimjaa mpaka juu kabla hajamaliza kusema bismillahi. "Chanidanganya!" akasema. Mara ya pili alisogea ukingoni mwa kiti. Chai ikapoa. Mamangu akainuka pole pole akaenda kusimama nyuma yake.

"Hilo refu litie pembeni."

"Usinisemeze!"

"Pembeni, Bi Mwanakuu, pembeni!"

"Wanishughulisha! Tazama sasa! Tazama lilipokaa!"

Mara ya tatu akazoea. Wallahi, nilishuhudia kwa macho yangu. Aliyapanga matofali yale kwa utulivu wa mtu anayekunja kanzu, mstari baada ya mstari, hata yalipokuja mbio. Alifika thelathini ndipo yakamshinda, na ukelele alioupiga uliwafanya majirani wafungue dirisha kuuliza nani amejifungua.

Akaliweka dude juu ya meza, akajifuta uso.

"Lamis."

"Naam, ma."

"Sitasema hujakua. Nikisema hivyo, nami nitakuwa sijakua."

Pazia likapumua. Mimi nikapumua. Nilikaribia kumkumbatia mama mkwe wangu, Mungu akaniepusha.

"Ila hiki hakitiwi begini," akasema.

"Kwa nini, mamangu?"

"Begi la mwanangu litafunguliwa mbele ya wanawake wa mtaa wote, kitu kimoja kimoja, kwa vigelegele. Leo nitoe kitu ambacho wenyewe wameshaacha kukitengeneza? Watasema Lamis kaletewa masazo. Yule aliyekaa kabatini kaletewa kilichokaa kabatini!" Akatikisa kichwa. "La. Begi litamngoja bi mdogo. Harusi Disemba."

"Watu wameshaalikwa!"

"Wataalikwa tena."

"Na mchele?" akauliza mamangu, moyo umemvunjika.

"Mchele hauozi."

Hapo ndugu zanguni nilisahau masharubu yangu. Nilisimama katikati ya sebule nikasema kwa sauti kwamba mimi nampenda Lamis, nampenda na vidole vyake na kicheko chake na sahani zake nne za Idi, na kwamba kungoja mpaka Disemba sikuwezi, nitakonda mpaka nipotee ndani ya kanzu ya harusi. Mamangu akatoa kilio kidogo cha fahari.

Bi Mwanakuu akanitazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliyonitazama siku ile bila kunihesabia makosa.

"Basi nishinde," akasema, akanisukumia lile dude. "Mistari yangu ni thelathini. Uizidi kwa mchezo mmoja tu, Ijumaa mwaoana, na bi mkubwa ataingia begini, haya nitaona mimi. Ukishindwa ni Disemba, na bi mkubwa atabaki kwangu. Na hapana kuusimamisha mchezo njiani."

"Nimekubali!"

Nilikubali upesi kwa sababu moja. Wiki tatu nzima, kila saa ya chakula, nilikuwa nikienda dukani kwa Ami Muhdhar kuijaribu gemu ile ile, eti naichunguza kama nzima. Thelathini nilishaipita mara nyingi. Nikalishika dude nikajiona nimeshaoa.

Nikarudi kitini pangu kando ya pazia, nikaanza. Kumi zilikwenda kama maji. Mamangu alihesabu kwa sauti, Bi Mwanakuu akivuta tasbihi kwa kasi isiyokuwa ya ibada. Dirishani jua lilikuwa linakwenda zake, mtu akawasha taa ya sebule, nikafika ishirini bila kutoa jasho.

Stima ikapotea.

Kibokoni nzima ikaguna kwa pamoja. Sebule ikawa kiza, na kioo cha bi mkubwa, ambacho hakina taa yake, kikazama kizani pamoja na harusi yangu.

"Sioni!"

"Gizani haonekani kabisa," akasema Bi Mwanakuu kwa utulivu mkubwa, "mpaka amulikwe. Si maneno yako hayo?"

Matofali hayakungoja. Niliyasikia yakitua, tu, tu, nikibonyeza kwa kubahatisha, na kwa sauti tu nilijua yanapandana vibaya. Nilimwita Mungu. Niliwaita mababu. Nafikiri nilimwita hata Kingi.

Ndipo mwangaza ukatokea.

Pazia lilifunguka kidogo, ukatoka mkono wenye bangili nyembamba, na ndani ya mkono mna tochi. Mwanga ukashuka sawasawa juu ya kioo. Ilikuwa Lamis. Lile swali nililomuuliza, nikaona amenijibu, na macho yakaniloa hata nikalazimika kupepesa ili nione matofali. Ananitaka Ijumaa! Rangi na aiende zake Dubai, bi mdogo na akae huko huko!

"Mwanangu unaniasi?" akauliza Bi Mwanakuu.

"Namulika tu, ma."

Nikayapanga upya. Vidole vilipata akili ambayo sikuwa nayo. Ishirini na tano. Mamangu akasahau kukaa. Ishirini na nane. Mwadhini wa jirani akajikohoza kujitayarisha. Ishirini na tisa.

"Thelathini!" akalia mamangu. "Mmelingana! Mmoja tu, mwanangu, mmoja tu!"

Na ndipo likaanza kushuka lile tofali refu, lile lile ninaloliomba kila siku. Pembeni kulikuwa na pengo jembamba linalolingojea. Kazi yangu ilikuwa kulisogeza mara mbili tu upande wa kulia. Nikasogeza mara ya kwanza.

Kukawa giza.

"Betri!" akapiga yowe mamangu. "Tochi imekwisha betri!"

"Ni rizki yake," akasema Bi Mwanakuu.

Na waamini hivyo. Wao walikuwa mbali. Mimi niliyekaa karibu na pazia najua tochi ikiishiwa hufifia, na haitoi sauti.

Mimi nilisikia swichi ya tochi, nyuma ya pazia: tik.